Je, Yatosha Shahidi Awe Mkweli?

Katika mabaraza yetu, tukitaka kumsifu shahidi, twasema, "Huyu hasemi uongo." Akiisha kusifiwa hivyo, maneno yake hupokewa, na shauri hukatwa. Nami nauliza: Je, sifa hiyo yatosha? Mtu aweza kuwa hana hila moyoni, wala hana chuki, wala hakupewa kitu, akasimama akanena neno ambalo yeye mwenyewe aliamini kabisa, na neno hilo lisiwe kweli. Ulimi wake haukukosa. Jicho lake ndilo lililokosa. Na yule aliyeshuhudiwa vibaya, mali yake itapotea na jina lake litaharibika vile vile kama kwamba alisingiziwa na mwongo.

Uongo wa ulimi tumefundishwa kuuogopa tangu utoto, nyumbani na kanisani. Kosa la jicho hatukufundishwa sana. Twadhani ya kuwa aliyeona ameona, na ya kuwa kuona hakuhitaji mafunzo. Kusudi langu ni kuonyesha ya kuwa kuona ni kazi yenye adabu yake, na ya kuwa mtu asiyeishika adabu hiyo haifai kumshuhudia mwenziwe, hata akiwa mkweli. Mfano wangu nitautoa kwa mafundi ambao kazi yao yote ni kutengeneza macho, yaani wale watengenezao vihisi vya kuitazamia mbingu kwa eksirei. Kihisi ni jicho la chombo, ile sehemu ipokeayo mwanga na kuugeuza kuwa habari. Wala mtu asidhani ya kuwa habari zao ni za mbali mno nasi, maana setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo iliondoka duniani katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki.

Eksirei wengi wetu twaijua kwa sababu ya hospitali. Mtu akivunjika mguu hupigwa picha, na mfupa wake huonekana ingawa nyama haikupasuliwa. Aliyeigundua ni Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg katika Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Eksirei ni mwanga, ila ni mwanga wenye nguvu nyingi kuliko huu tuuonao, hata hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Hospitalini miali hiyo hutolewa na mtambo. Lakini mbinguni hutoka mahali penye joto la nyuzi milioni nyingi, kama vile pale gesi inapoporomoka juu ya nyota iliyokwisha kufa na kujikunja ikawa ndogo.

Walakini miali hiyo ya mbinguni haitufikii. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ingawa twaiona kuwa nyepesi, uzito wake wote ni sawa na uzito wa maji ya kina cha mita 10, nayo huizuia kabisa. Mtu akipanda mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, bado hataipata. Atakaye kuiona hana budi kulipeleka jicho lake juu ya hewa, na yeye mwenyewe abaki chini asome kile ambacho jicho limemletea. Hapo ndipo lilipo jambo letu. Mafundi hawa hawawezi kwenda kuhakikisha kwa miguu yao. Hawana ila ushuhuda wa jicho walilolitengeneza. Kwa hiyo iliwabidi kujifunza, kuliko watu wengi, namna ya kumpima shahidi.

Tarehe 18 Juni 1962 wataalamu wa Marekani, na miongoni mwao Riccardo Giacconi aliyezaliwa Italia, walirusha roketi katika jangwa la New Mexico. Jaribio lao la Oktoba 1961 lilikuwa limeharibika, kwa sababu milango ya kufunika vihisi haikufunguka. Safari hii vihisi vilitazama mbingu kwa muda usiozidi dakika sita, kisha roketi ikashuka. Walichokuwa wakikitafuta ni eksirei za mwezi. Za mwezi hawakuzipata. Bali waliona mwanga mkubwa wa eksirei upande mwingine, karibu na kundi la nyota liitwalo Nge, lile ambalo sisi wa Mdandu twaliona juu ya vichwa vyetu usiku wa Juni na Julai, wakati mbingu ni safi na baridi inauma.

Fikiri jaribu lililowapata watu hawa. Wangaliweza kusema, "Tumeuona mwezi," maana ndilo neno walilolitumaini. Wangaliweza pia kukimbia na kutangaza ajabu siku ya pili yake. Hawakufanya hili wala lile. Walikaa chini wakaulizana: Je, si kosa la kihisi? Si chembe zizungukazo karibu na dunia? Si mwanga wa namna nyingine uliopenya? Walipokwisha kuyaondoa hayo moja moja, ndipo wakaandika, na maandiko yao yalichapwa Desemba mwaka ule ule. Basi hesabu, msomaji: dakika sita za kuona, na miezi sita ya kuliuliza jicho. Nasi katika vijiji vyetu mara ngapi huona kwa nusu dakika, tena usiku, na kabla jogoo hajawika habari imekwisha kufika vilima vitatu?

Nakuja sasa kwenye habari ya pwani. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia chini ya uongozi wa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini, yaitwayo San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ilichukua setilaiti yenye uzito wa kilo 140 na kidogo zaidi, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za mbinguni tu. Kwa heshima ya siku ile, na kwa kuwashukuru watu wa Kenya, iliitwa Uhuru. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, wa shirika la NASA la Marekani.

Mahali pale hapakuchaguliwa kwa uzuri wa bahari. Ngomeni ni karibu na mstari wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia wenyewe huisaidia roketi. Tena setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepukana na sehemu za mbingu zenye chembe nyingi za kuvisumbua vihisi. Yaani kabla jicho halijafunguliwa, wenyewe walikwisha kufikiri litasimama wapi ili lisidanganyike. Shahidi mwenye busara naye hujiuliza: Nilisimama wapi nilipoona? Palikuwa na nini kati yangu na kile nilichokiona?

Jicho la Uhuru lilikuwa namna ya sanduku lenye gesi ndani, dirisha jembamba la madini, na waya zenye umeme. Mwali wa eksirei ukiingia huipiga gesi, umeme mdogo hutokea, na chombo huhesabu moja. Lakini angani zimo chembe nyingine ziendazo kwa kasi kubwa, nazo hulipiga sanduku vile vile, na sanduku likiachwa bila maarifa huzihesabu kana kwamba ni eksirei. Mafundi walijua hayo. Waliona ya kuwa pigo la chembe halifanani kabisa na pigo la eksirei, wakalitengenezea sanduku njia ya kuyapambanua.

Napenda tulishike sana neno hili, maana ndani yake mna shauri kubwa. Sanduku likigongwa, limegongwa kweli. Hakuna uongo. Lakini kugongwa ni jambo moja, na aliyegonga ni jambo jingine. Watu wengi wakiisha kuwa na yakini ya lile la kwanza hudhani wamekwisha kuwa na yakini ya lile la pili. Katika nchi yetu ya Tanzania, hasa upande wa Usukuma, vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mojawapo ya alama walizohukumiwa kwazo ni wekundu wa macho yao. Wekundu ulikuwapo, aliyesema, "Macho yake ni mekundu," hakusema uongo. Lakini mama aliyepika miaka 50 katika jiko la kuni lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Moshi ndio uliogonga sanduku, nao wakamhesabia uchawi. Mwanamke mzee amekufa kwa kosa la kuwapikia watoto wake.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na hesabu ya mwisho ya mianga iliyoiona, iliyochapwa mwaka 1978, ilikuwa 339. Kati ya hiyo mmoja waitwa Cygnus X-1. Mwanga wake ulikuwa ukipepesa upesi mno, mara nyingi katika sekunde moja. Mwanzoni, mwaka 1971, wataalamu waliandika ya kuwa mapigo hayo huenda yana mwendo wa kulingana, kama mapigo ya saa. Walipotazama zaidi waliona sivyo. Mapigo yalikuwa hayana mpango. Wakasema sivyo, mbele ya watu wote waliokwisha kuyasoma yale ya kwanza. Wala heshima yao haikupungua. Giacconi mwaka 2002 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuianzisha elimu hii. Kwetu mtu akiisha kunena barazani huona ni aibu kulirudisha neno lake, na kwa kuiogopa aibu ya siku moja hukubali mwenziwe abebe aibu ya maisha.

Tena tazama jinsi neno la Cygnus X-1 lilivyothibitishwa. Louise Webster na Paul Murdin katika Uingereza, na Charles Thomas Bolton katika Kanada, kila upande kwa darubini yake, waliitazama nyota kubwa iliyo mahali pale kwa mwanga wa kawaida. Waliona ya kuwa nyota hiyo inazungushana na kitu kisichoonekana, kila siku 5.6, na ya kuwa kitu hicho ni kizito mno. Maandiko yao yalitoka mapema mwaka 1972. Hao ni mashahidi wawili kweli kweli, maana hakuna aliyeazima jicho la mwenziwe. Leo yasemwa ya kuwa kile ni shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, na uzito wake ni kama wa majua 21. Lakini katika kijiji watu kumi wakisema neno moja, nao wote walilipata kwa mtu mmoja kisimani, hao si mashahidi kumi. Ni mmoja aliyenena mara kumi.

Uhuru ilijua kuhesabu, lakini haikujua kuchora. Ili kupata picha ya mbingu yalihitajiwa mambo mawili mengine, kioo na jicho jipya. Eksirei haikubali kioo cha desturi. Ikikipiga uso kwa uso huzama ndani yake. Lakini ikipita kwa kukigusa ubavuni tu, huruka, kama vile jiwe bapa ambalo watoto wa kando ya Ziwa Nyasa hulirusha likaenda likirukaruka juu ya maji. Kwa vioo vya namna hiyo setilaiti ya Marekani iliyoitwa Einstein, iliyorushwa Novemba 1978, ilipata picha zake.

Jicho jipya lilitokana na kazi ya Willard Boyle na George Smith, ambao mwaka 1969 walibuni kihisi cha silikoni. Fikiri uwanja wa shule uliopangwa ndoo safu kwa safu, na mvua ikanyesha. Mvua ikikoma, kila safu humimina maji yake katika safu iliyo mbele yake, na mwishoni yuko mtu apimaye maji ya kila ndoo kwa zamu yake, akiandika. Akiisha kuandika yote, ajua mvua ilinyesha wapi na kwa kiasi gani. Ndivyo kihisi hiki kilivyo, ila badala ya ndoo kina vijumba vidogo viitwavyo pikseli, na badala ya maji hupokea elektroni, yaani chembe za umeme. Mwali mmoja wa eksirei huzifumua elektroni mamia au maelfu, na idadi yake huonyesha nguvu ya mwali. Setilaiti ya kwanza kutumia vihisi hivi kwa eksirei za mbinguni ni ASCA ya Japani, mwaka 1993. Baadaye, tarehe 23 Julai 1999, Wamarekani walirusha Chandra, iliyopewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, mtaalamu aliyezaliwa Lahore. Kamera yake moja ina vipande kumi vya silikoni, na kila kipande, kisichozidi upana wa vidole viwili, kina vijumba zaidi ya milioni moja.

Sasa sikilizeni jinsi jicho la namna hii linavyopimwa kabla ya kuaminiwa.

Kwanza, hufungiwa gizani. Huwekwa mahali pasipo na eksirei hata moja, kisha hulisoma linasema nini. Mtu angetazamia lisiseme kitu. Lakini jicho halinyamazi kabisa. Vimo vijumba vipigavyo kelele daima, vikisema, "Nimeona, nimeona," na hakuna kilichokuja. Mafundi huviandika kimoja kimoja, ili siku ya kazi ushuhuda wake usihesabiwe. Je, msomaji, wewe wajua jicho lako laona nini penye giza? Kila mtu analo jambo aonalo bila kuletewa. Mmoja huona wizi kila mahali, kwa kuwa aliibiwa zamani. Mwingine akimwona jirani amejenga nyumba ya bati huona dawa za kienyeji. Mwingine akimwona mkewe akicheka kisimani huona maovu. Hawa si waongo. Ni vijumba vyenye kelele, nao hawajajifungia gizani hata siku moja wajisikilize.

Pili, huonyeshwa taa inayojulikana. Iko aina ya chuma ambayo yenyewe hutoa miali ya eksirei yenye nguvu ile ile siku zote. Huiweka mbele ya jicho na kuliuliza, "Waona nini?" Jicho likisema zaidi au pungufu, kosa lake limejulikana, na litasahihishwa kwa kiasi hicho. Chandra ilichukuliana na taa ya namna hiyo mpaka huko juu, ili jicho liulizwe tena na tena, maana jicho lililokuwa zuri mwaka jana huenda limebadilika. Kwetu pia shahidi aweza kupimwa kwa mambo yajulikanayo. Aliyesema watu walikuwa mia penye watu ishirini, akileta habari ya mia leo, tujue la kupunguza.

Tatu, hutiwa baridi. Joto lenyewe huzitikisa elektroni ndani ya silikoni, zikaanguka katika vijumba kana kwamba eksirei zimefika. Kwa hiyo vihisi vya Chandra vilipangiwa kufanya kazi katika baridi ya nyuzi 120 chini ya sifuri, ambayo mbele yake baridi yetu ya Njombe ni kama kando ya moto. Neno hili halihitaji kufafanuliwa sana kwa watu waliowahi kukaa matangani. Penye msiba kila mtu ana joto. Neno lililoonekana kwa jicho la hasira, au la machozi, lisikatwe siku ile. Lingojee lipoe.

Kuna habari moja ya Chandra ambayo naipenda kuliko zote. Katika majuma ya kwanza ya kazi yake, mwaka 1999, mafundi waligundua ya kuwa vipande vinane kati ya kumi vimejeruhiwa. Walitafuta sababu wakaiona. Setilaiti ilipopita katika mikanda ya chembe iizungukayo dunia, vioo vile vile vilivyowekwa kukusanya eksirei vilikuwa vikikusanya na chembe za protoni, vikizielekeza jichoni. Kilichowekwa kulisaidia jicho ndicho kilicholidhuru. Jeraha halikuweza kufutwa. Basi walifanyaje? Hawakulificha, ingawa chombo kilikuwa kipya na kilikuwa kimegharimu fedha nyingi. Walitangaza. Wakaweka sheria ya kuiondoa kamera mbele ya vioo kila ipitapo katika mikanda ile. Kisha wakalipima jeraha lenyewe, kijumba kwa kijumba, na kujua limepunguza nini. Jicho hilo lililojeruhiwa liliendelea kuleta picha za mbingu kwa miaka zaidi ya 20.

Kwa habari hii nimejifunza ya kuwa jicho lenye kasoro inayojulikana ni bora kuliko jicho linalodhaniwa kuwa zima. Ni nani kati yetu asiye na jeraha? Mmoja alidhulumiwa shamba, mwingine alisalitiwa na ndugu yake. Hatutakiwi kuwa bila majeraha, hilo haliwezekani. Twatakiwa kuyajua, na kuyasema. Mzee aliye na ugomvi wa zamani na ukoo fulani, akisimama barazani aseme, "Ndugu zangu, ninyi mwajua habari yangu na watu hawa, basi pimeni maneno yangu kwa kujua hayo," huyo ameongeza uzito wa maneno yake, hakuupunguza. Lakini asemaye, "Mimi sina neno na mtu," hali watu wote wajua analo, huyo ni kihisi kisichopimwa.

Najua mtu atanijibu, "Mwalimu, ukitutia mashaka hivi, nani atathubutu kushuhudia? Wezi watafurahi." Hapana. Wataalamu niliowataja hawakunyamaza kwa sababu ya mashaka. Walisema, tena kwa nguvu: pale pana mwanga, kile ni shimo jeusi. Kujipima hakumnyamazishi shahidi, bali humfundisha mpaka wa neno lake. Aseme, "Nilimwona mtu, alikuwa mrefu, sikumwona uso." Neno hilo ni dogo, lakini ni jiwe ambalo baraza laweza kujengea. Asiyejipima husema, "Nilimwona fulani," na baraza hujenga juu ya mchanga.

Mwingine atasema, "Wazee wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nami nawaheshimu wazee. Lakini lisemwalo lina mgongaji wake, na mgongaji huyo aweza kuwa moshi. Tena neno likisemwa sana juu ya mtu, nalo halipo, kweli laja: mtu huyo hutengwa, hukosa wa kumsaidia shambani, moyo wake huwa mchungu, na mwishowe huwa yule waliyemsema. Hapo mithali imetimia, lakini sisi ndio tulioitimiza.

Mfano huu una mpaka wake, nao nisiufiche. Kihisi hakina ulimi. Hakipendi wala hakichukii, wala hakiogopi kukosa ngombe. Mwanadamu anavyo vyote viwili, jicho la kupima na ulimi wa kutawala. Kwa hiyo kazi yetu ni ngumu kuliko ya mafundi wale, wala ukweli wa ulimi haukupunguzwa thamani kwa maneno yangu. Nimesema tu ya kuwa ukweli huo ni nusu ya deni.

Hata leo pwani ya Malindi haijatengwa na kazi hii. Setilaiti iitwayo IXPE, iliyorushwa 9 Desemba 2021, ilipangiwa kuzunguka juu ya ikweta na kuzishusha habari zake Malindi. Vihisi vyake vilitengenezwa Italia, navyo ni vya gesi, kama vya Uhuru. Ila vya Uhuru vilihesabu tu, na hivi huchora njia ya elektroni iliyofumuliwa na kila mwali. Mwaka hata mwaka, watu wamekuwa wakilinoa jicho lile lile na kuliuliza lile lile: Je, kweli umeona?

Nao hufanya hayo yote kwa ajili ya nyota. Nyota haiumii ikisingiziwa. Haina watoto watakaonyoshewa vidole njiani, wala haifukuzwi shambani, wala haichomewi nyumba. Hata hivyo watu huliuliza jicho lao miezi sita kabla ya kunena neno moja juu yake. Je, jirani yako, aliye na hayo yote, umliulizie jicho lako muda gani?

Basi, ndugu zangu, kabla ya kusema, "Nimeona," tujiulize manne. Nilisimama wapi? Moyo wangu ulikuwa na joto gani? Jicho langu huona nini penye giza? Na ni nani mwingine aliyeona kwa jicho lake mwenyewe? Tukiisha kujibu, tuseme kile kilichobaki, kisizidi wala kisipungue. Huyo ndiye shahidi afaaye, mkweli wa ulimi na mwaminifu wa jicho.